Walalao Barazani

Katika nchi ya Neemani, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa haipakani na nchi yake wala haifanani nayo hata kidogo, hakuna mtu asiye na nyumba. Jambo hilo lilitangazwa rasmi mwaka juzi, siku ya Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, na tangu saa nne na dakika moja imekuwa kosa kulibishia. Wale ambao mpaka saa tatu na dakika hamsini na tisa walikuwa hawana pa kulala walibadilishiwa jina, wakaitwa Wananchi Wenye Makazi Yajayo. Ikaundwa idara ya kuwashughulikia. Idara ikapewa mkurugenzi, mkurugenzi akapewa gari, na gari likapewa madereva wawili wa kupokezana.

Idara ya Makazi Yajayo ilihitaji makao makuu. Wataalamu wakazunguka mji mzima wakitafuta kiwanja, wakakipata mtaa wa Chemchemi, mahali pazuri penye maji na njia, ila palikuwa na nyumba arobaini, na nyumba hizo zilikuwa na watu. Zikavunjwa. Likasimama jengo la ghorofa tano lenye vioo vya buluu, na mbele yake baraza pana la marumaru, lenye paa lililotokeza mbali ili wageni mashuhuri wasinyeshewe wanaposhuka kwenye magari yao.

Desemba, mvua za vuli zilipochachamaa, watu wa nyumba moja kati ya zile arobaini walirudi wakalala kwenye baraza hilo. Hawakuwa na nia yoyote ya siasa. Walikuwa wamezoea kulala pale. Kwa makadirio ya baba wa familia, Fundi Mlekwa, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga na kutengeneza vitasa vya milango ya watu, mlango mkuu wa Idara ulikuwa umesimama palepale kilipokuwa chumba chake.

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, Bi. Sikudhani alifika kwenye baraza hilo, akapandisha gauni kidogo, akawaruka, akaingia ofisini kutafuta watu wenye shida ya makazi. Alikuwa Afisa Ustawi Daraja la Tatu, daraja aliloliingia miaka kumi na tisa iliyopita na kulizoea. Miguu yake ilivimba kila ikifika saa sita. Tusimhukumu. Mtu aliyekaa serikalini miaka kumi na tisa haioni shida mpaka iwe na namba ya faili, na hii haikuwa nayo.

Siku ya arobaini na moja tangu waanze kulala pale, hakuwaruka. Labda alikuwa amechoka kuinua mguu. Alisimama akamtazama mwanamke aliyekuwa anapepea jiko la mkaa kwa kipande cha boksi, na msichana wa miaka saba aliyeacha kusuka ukili ili amwamkie.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia mama. "Mnangoja nini hapa, mama?"

"Tunangoja mvua ipite."

"Mvua za vuli ziliisha mwezi uliopita."

"Basi tunangoja mwaka upite," alisema mwanamke, bila kuacha kupepea. Jina lake Mwantumu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kujibu maswali ya serikali mengi na hajawahi kuona jibu lolote likifanya kazi. "Dada, wewe unajua kusoma mambo yao. Jana alikuja bwana mmoja akabandika karatasi kwenye ndoo yetu. Hebu nisomee."

Bi. Sikudhani aliibandua akasoma. Karatasi ilisema kwamba Serikali, kwa mapenzi yake makubwa kwa watoto, haiwezi kuvumilia mtoto akae siku tisini bila makazi. Siku ya tisini watoto wa familia hiyo watachukuliwa. Zaituni, miaka saba, atapelekwa Kituo cha Malezi Bora cha Wasichana, kaskazini. Kulwa na Doto, pacha wa kiume, miaka minne, watapelekwa Kituo cha Malezi Bora cha Wavulana, kusini. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mwendo wa siku mbili kwa gari.

Alisoma kwa sauti ya chini, na alipomaliza, mama mkwe wa Mwantumu, Bi. Mashavu, bibi kizee aliyekuwa ameegemea nguzo ya marumaru, akauliza kama hiyo karatasi ina mahali pa kukataa. Bi. Sikudhani akaigeuza nyuma. Hakukuwa na mahali pa kukataa.

"Nitawatafutia nyumba," akasema.

Alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi sana katika utumishi wake. Safari hii aliyasikia yakitoka, akaogopa.

*

Mkurugenzi, Daktari Kitwana Pazi, alikuwa na shahada ya uzamivu katika Mipango ya Kupanga. Juu ya meza yake palikuwa na mfano wa mji ujao, wenye vijumba mia nne vya mbao na watu wadogo wa plastiki waliokuwa wanatabasamu. Muda wote Bi. Sikudhani alipokuwa akieleza, Mkurugenzi alikuwa anafuta vumbi kwenye mapaa kwa brashi ya kunyolea ndevu.

"Ni kaya?" akauliza hatimaye.

"Ni familia, Mkurugenzi."

"Sikuuliza familia. Familia ni mambo ya mapenzi. Idara hii inahudumia kaya. Kaya ni nini, Bi. Sikudhani?"

"Kaya ni watu wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja."

"Haya. Chungu wanacho?"

"Wana sufuria."

"Sufuria inakubalika, upo waraka. Paa je?"

"Wanalala chini ya paa letu, hapo chini, barazani."

"Letu!" Mkurugenzi aliinua brashi. "Umelitamka mwenyewe. Chungu chao, paa letu. Basi hao ni nusu kaya. Nusu kaya haiwezi kuomba nyumba. Inaweza kuomba kuwa kaya."

"Itakuwaje kaya?"

"Ikipata paa."

"Na paa italipata wapi?"

"Kwenye nyumba, Bi. Sikudhani. Unanishangaza, na uzoefu wako wote huo." Akakirudisha mahali pake kijumba kimoja kilichokuwa kimesogea. "Tena hao watoto wana bahati. Wana vituo. Wewe na mimi tulilelewa na nani? Na mama zetu tu, bila hata mpango."

Alisema hivyo kwa upole. Ndicho kitu kilichomchosha zaidi Bi. Sikudhani katika miaka yote, kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mkali. Angepata mtu wa kugombana naye, angalau angerudi nyumbani amechoka kwa sababu.

*

Ilibaki njia moja. Ilikuwa ni Fomu Namba Kumi na Saba, Ombi la Kutazamwa kwa Jicho la Huruma, ambayo ilijazwa kwa nakala sita, kwa kalamu nyeusi, na kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu jicho la huruma la Neemani halikuwa linaona herufi ndogo.

Siku ya hamsini na mbili Bi. Sikudhani alikaa akaandika:

WATU SITA WANALALA BARAZANI TANGU MWEZI WA KUMI NA MBILI. HALI YAO NI YA KUSIKITISHA. WENGINE NI WAZEE, WENGINE AKILI ZAO BADO ZA KITOTO. KILA MTU ANAWAONA NA HAKUNA ANAYESEMA. NAOMBA WAPATIWE MAHALI PA KULALA KABLA TAIFA HALIJAAIBIKA.

Akapeleka masjala. Karani wa masjala ya Neemani haruhusiwi kusoma barua, maana barua ni siri. Anaruhusiwa kusoma neno moja tu, la kumwonyesha barua iende wapi. Karani akapitisha jicho, akaliona neno BARAZANI, akagonga muhuri, na barua ikapanda gari kuelekea Baraza Kuu la Taifa, mahali wanapokaa wajumbe themanini waheshimiwa kutunga sheria za nchi.

Siku ya sitini walikuja mabwana wawili waliovaa suti nyeusi wakamwambia anahitajika. Bi. Sikudhani akadhani nyumba imepatikana. Akajitanda khanga yake haraka na kuwafuata, na alipopita barazani akampungia Mwantumu mkono.

Alisimamishwa katikati ya ukumbi mkubwa wenye mapazia mekundu. Spika, Mheshimiwa Shomvi, mtu mnene mwenye sauti ya mwadhini, alikuwa ameishika ile fomu kwa ncha za vidole.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba watu sita wanalala Barazani?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Tangu Desemba?"

"Ndiyo. Hata leo asubuhi nilipopita bado walikuwa wamelala."

Ukumbi ukavuma. Wajumbe wakatazamana, na kila mmoja akawa anahesabu watu watano wengine.

"Na unathubutu kuandika kwamba akili zao ni za kitoto?"

"Watatu kati yao, Mheshimiwa. Wale wengine wana akili zao timamu, ila hawana mtu wa kuwasemea."

"Nitawataja kwa majina," aliongeza Bi. Sikudhani, akafungua mkoba.

"Usitaje!" Sauti themanini zilipaa kwa pamoja, za chama tawala na za wapinzani, jambo ambalo halijapata kutokea Neemani kabla wala baada ya hapo. Spika akagonga nyundo. Akasema kanuni zinakataza kabisa kumtaja mtu aliyelala, kwa kuwa hayuko macho kujitetea.

Hapo ndipo Bi. Sikudhani alipoanza kushtuka kwamba hapa hawazungumzi lugha moja. "Mheshimiwa Spika, naomba radhi. Baraza ninalosema mimi ni lile la nje, la kukalia, pale mbele ya..."

"Baraza ni moja!" alinguruma Mheshimiwa Shomvi. "Ibara ya tatu ya Katiba! Neemani itakuwa na Baraza moja na moja tu. Hakuna la nje, hakuna la ndani, hakuna la kukalia! Iandikwe kwamba Spika ametoa mwongozo."

Ikaandikwa. Bi. Sikudhani akatolewa nje kwa heshima, akarudi kwa miguu, maana wale mabwana wa suti walikuwa na kazi ya kumleta tu.

"Wamesemaje?" aliuliza Mwantumu.

"Sijui, mama Zaituni. Nadhani wamekasirika."

"Kwa ajili yetu?"

"Hata hilo sijui."

Akakaa palepale kwenye marumaru kando ya jiko, akavua viatu. Mwantumu akammiminia chai bila kumuuliza. Zilikuwa zimebaki siku thelathini.

*

Baraza Kuu liliunda Tume ya Usingizi. Makamishna watano, wamevaa viatu vya raba, walipita kimyakimya katikati ya viti wakati wa mjadala wa kilimo cha umwagiliaji, wakahesabu. Ripoti yao haikukuta watu sita. Ilikuta sitini na wawili, na kwa uaminifu mkubwa ilikiri kwamba makamishna wawili walikaa kupumzika kidogo na ikabidi waingizwe kwenye jumla.

Nchi nyingine ingeona haya. Neemani ina viongozi. Mheshimiwa Shomvi alisimama akatoa hotuba ambayo mpaka leo watoto wa shule huikariri.

"Waheshimiwa! Ni nani anayelala? Analala mwenye amani! Analala mwenye imani na Serikali yake! Mjumbe anayekodoa macho kutwa nzima anatafuta nini? Amepoteza nini? Mimi namwogopa mjumbe aliye macho. Lakini niwaulize, waheshimiwa, huyu mzalendo anayelala kwenye kiti cha mbao, shingo imepinda, mate yanamtoka kwa ajili ya taifa, tumemfanyia nini?"

Makofi yalikuwa makubwa kiasi kwamba wajumbe kadhaa waliamka, wakapiga makofi nao.

Ikapitishwa Sheria ya Utulivu wa Fikra. Ilikuwa fupi. Awali iliandikwa kwamba mjumbe alalaye Barazani atapewa nyumba, lakini wajumbe wakaona neno "mjumbe" linanyoosha kidole. Likafutwa. Sheria ikasema: Mtu yeyote alalaye Barazani, kwa ajili ya taifa au kwa sababu nyingine yoyote, atapewa nyumba bure, yeye na jamaa zake wote, ili mradi aendelee kulala Barazani. Maneno ya mwisho yaliongezwa na Spika kwa mkono wake mwenyewe. Alihofia mtu akishapumzika vizuri kwenye nyumba mpya atakuja Barazani na kuanza kuuliza maswali.

Neemani ikitaka jambo huwa haichelewi. Nyumba sitini na mbili zilisimama kwenye kilima cha Bustani kwa siku kumi na mbili. Fundi Mlekwa alipata kibarua huko cha kufunga vitasa. Kutwa alijaribu funguo, akifungua na kufunga milango ya nyumba za vyumba vitatu, na jioni alirudi kulala kwenye marumaru, akimwambia mkewe habari za vyoo vya ndani.

"Usiniambie," Mwantumu alimwambia siku moja. "Nikishajua kuna kigae cha rangi gani nitaanza kukitamani."

Nyumba zikabaki tupu. Ili upewe, ulitakiwa kutia saini chini ya maneno "Mimi nalala Barazani," na hakuna mheshimiwa aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza.

*

Siku ya themanini na nne Bi. Sikudhani alinunua maandazi mawili kwa mama wa kona, akayala amesimama. Maandazi ya Neemani hufungwa kwa Gazeti la Serikali, kwa kuwa ndilo gazeti lisiloisha. Alipokuwa anajifuta mafuta vidoleni akayaona maneno: mtu yeyote alalaye Barazani. Akayasoma. Akakaa chini, akayasoma tena, pamoja na jamaa zake wote, pamoja na kwa sababu nyingine yoyote. Mafuta yalikuwa yameloweka mstari wa mwisho, na huo hakuusoma.

Alipanda ngazi za ghorofa tano bila kupumzika.

"Haiwezekani," alisema Mkurugenzi. "Baraza la kwenye sheria hii ni Baraza Kuu."

"Neemani ina Baraza moja, Mkurugenzi. Hakuna la nje wala la kukalia. Spika ametoa mwongozo, nilikuwepo."

"Lakini hao ni nusu kaya!"

"Sheria haikutaja kaya. Imesema mtu yeyote."

"Nitamwandikia Spika, afafanue."

"Mwandikie. Muulize kwa maandishi ni watu gani hasa wanaolala Barazani."

Daktari Pazi alikitazama kile kimji chake chenye watu wa kutabasamu, kisha akachungulia dirishani, chini, ambako Bi. Mashavu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Kisha akafungua kalamu, akatia saini, akajifuta jasho. Bi. Sikudhani akaichukua karatasi kabla wino haujakauka.

Siku ya themanini na tisa walikabidhiwa nyumba kwa sherehe. Waziri alikata utepe, akasema familia hii ni mfano wa kuigwa na kila mwenye dhamana, maana imelala kwa moyo, imelala kwa kujituma, imelala bila kuchoka. Kulwa na Doto walikimbia kutoka chumba hadi chumba wakipiga kelele ili wasikie sauti zao zikirudi. Fundi Mlekwa alisimama mlangoni akigeuza kitasa alichokifunga mwenyewe, mara tatu, mara nne, kama mteja mwenye shaka.

Asubuhi ya siku ya tisini gari jeupe lilifika Idarani, likakuta majivu kwenye marumaru. Likapanda kilimani. Bwana mmoja akateremka na orodha ya majina matatu. Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni tangu alfajiri, ameshika hati kwa mikono miwili. Pacha walikuwa nyuma ya gauni lake. Zaituni alikuwa chini ya kitanda, mahali alipojificha bila kuambiwa.

Yule bwana alisoma hati, akaigeuza, akasoma nyuma ambako hapakuwa na kitu. Akaomba maji ya kunywa. Akanywa, akashukuru, akaondoka.

Bi. Sikudhani, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa barabara, alikaa juu ya jiwe akalia. Alifurahi, alifurahi kweli, lakini kilichomliza zaidi ni uchovu. Miaka kumi na tisa, na hili ndilo jambo la kwanza lililokamilika, na lilikamilika kwa sababu watu walikuwa hawasikilizani.

*

Mkaguzi wa Usingizi aliteuliwa wiki hiyohiyo. Aliitwa Bwana Hashili, mwembamba, mwenye daftari na adabu nyingi. Alfajiri alipita kwenye baraza la Idara, akakuta patupu. Akaenda kilimani, akabisha hodi, akakaribishwa. Akaandika: Wamekutwa wamelala vitandani.

Barua ikatoka. Sheria ilisema ili mradi aendelee kulala Barazani. Familia hiyo, baada ya kupewa nyumba, imeacha mara moja kulala Barazani, jambo linaloonyesha utovu wa shukrani. Inapewa siku saba ijirekebishe. Isipojirekebisha nyumba itarudi serikalini, na kwa vile siku tisini za watoto zimeshapita, gari jeupe litakuja siku hiyohiyo.

Bi. Sikudhani aliisoma barua mara ya kwanza amesimama na mara ya pili amekaa. Akatafuta ile karatasi ya maandazi, akaiinua kwenye mwanga. Mstari ulikuwepo.

"Turudi pale Idarani?" aliuliza Mwantumu. Alikuwa amekwisha kuanza kukunja mashuka.

"Subiri." Bi. Sikudhani alikuwa anatazama mlango. Mbele ya nyumba kulikuwa na kibaraza kidogo cha saruji, chenye paa la bati la urembo tu, upana wake hatua mbili. "Hili nalo ni baraza."

"Ni baraza," alisema Fundi Mlekwa.

"Na Baraza ni moja."

Mkurugenzi alikubali kabla Bi. Sikudhani hajamaliza kueleza. Alikuwa ameshajifunza kwamba kumbishia mwanamke huyu kunaleta barua ya Spika. Bwana Hashili naye alifurahi, kwa kuwa kilimani alipata chai. Tangu siku hiyo familia ya Fundi Mlekwa ilipika ndani, ikala ndani, ikaoga ndani, na jua likizama ilitoka na mikeka yake ikafunga mlango. Alfajiri Bwana Hashili alipita, akahesabu vichwa sita, akaweka alama, akatakia kila mtu asubuhi njema. Idara ikatoa kijitabu cha rangi kuhusu mafanikio hayo. Bi. Sikudhani alipandishwa cheo kuwa Afisa Ustawi Daraja la Tatu Mwandamizi, na faili likafungwa kwa utepe wa kijani.

Katikati ya Machi mvua za masika zikashika. Lile paa la urembo halikukinga chochote.

Asubuhi moja Bi. Sikudhani alipita kilimani kabla ya kwenda kazini. Alimkuta Mwantumu anakamua shuka kwenye ukingo wa kibaraza, na maji yalikuwa yanatoka mengi. Bi. Mashavu alikuwa anakohoa, amejikunyata ndani ya blanketi. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Ndani vilionekana vitanda vitatu vimetandikwa vizuri, vikavu, na mito yake.

"Shikamoo, shangazi," alisema Zaituni. Alikuwa ameubeba mkeka uliolowa kichwani, maji yanamtiririka usoni.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo." Mtoto akajipangusa maji usoni. "Shangazi, tutalala nje mpaka lini?"

"Mpaka mtakapopata nyumba, mwanangu," alisema Bi. Sikudhani.

Lilimtoka lenyewe, kwa ile sauti laini aliyowajibia watu miaka kumi na tisa, akiwa tayari amefungua mkoba kutafuta kalamu. Mwantumu aliacha kukamua shuka. Zaituni aligeuka akaitazama nyumba iliyokuwa nyuma yake, akautazama mlango, na madirisha, na vile vitanda.

"Haya, shangazi," akasema, akashuka uani kuuanika mkeka.